Sindano Sita za Yaya

Baraka, 14 Februari 2024

Yaya Adolphine,

Kama kuna muntu wa bahati kupita mimi hapa Baraka, mama yake hajamuzaa bado. Nakuandikia, dada yangu mukubwa, na mukono yangu mwenyewe, na bic, hii kalamu ya wino, iko inatembea kwenye karatasi sawa mutumbwi ya moteri mupya. Ukiona herufi zinalala upande, usiseme ni vidole. Ni shule. Unajua niliiachia mwaka wa tano, na mwalimu alifunga siku tatu akishukuru Mungu.

Salamu kwanza. Arlette, mama ya batoto wangu, anakusalimia sana, anasema kile kitenge ulimutumia kilimukosanisha na bamama babili kanisani, basi ni kitenge kizuri. Batoto wako bazima. Mama mudogo wa kule Swima aliuza mbuzi yake, na sasa kila asubui anapita kwa ule aliyemuuzia, anaisalimia mbuzi, anarudi. Kule Lweba mihogo imekubali. Na mimi, moteri za boti zinanipangia mustari kwenye ateliye, hii karakana yangu. Bafundi bengine banakaa pembeni bananiangalia sawa bageni kwenye ndoa.

Sasa jambo lenyewe. Sanduku ilifika. Faida, ule mama anaendaga Dar kwa biashara, aliibeba kutoka Kigoma kwenye mapaja yake, boti inaruka, yeye haiachii. Bwana yake mwenyewe hajabebwa vile hata siku ya harusi. Ndani kalamu za sindano sita, dawa ya vidole vyangu, zimelala sawa mapacha. Juu ya sanduku kuna pahali karatasi ilikwanguliwa mupaka ikabakia gundi tu. Nilimwambia Faida: panya za Dar zinakula na majina.

Uliniandikia zikae kwenye baridi ya kiasi, zisiguse barafu. Yaya, naona umekaa sana kule, ziwa imekutoka kichwani. Huku kitu cha baridi ya kiasi njo kinaoza. Uliza muuza samaki yeyote. Ayubu, ule wa boti tatu, iko na kongelateri ya jua, friza ya kugandisha samaki, anaiheshimu kupita bibi yake. Alinipa pahali pa chini kabisa, pahali pa kweli. Nilizitunza kupita vile uliomba.

Na siku ya Mungu, Jumapili tarehe kumi na moja, nilipiga ya kwanza. Nilienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, peke yangu, juu mwanaume hapigi sindano mbele ya batoto. Nikatoa kifuniko na meno. Nikaisimamisha wima, nikakandamiza. Ta! Nikahesabu polepole vile karatasi inasema. Kale kadirisha ka kalamu kakajaa rangi ya manjano. Ta! ya pili. Nikaitoa. Hata tone la damu halikutoka. Sikusikia kitu, Yaya. Hata kidogo. Uliogopa nitaanguka, mimi, muntu nimekula samaki katika inchi zote ine za hii ziwa, nianguke juu ya kalamu?

Ni siku tatu tu, na vidole vinaanza kunijibu. Leo nimefunga vifungo vya shati peke yangu, vyote. Arlette aliangalia.

Ile picha ya kifua ulinilazimisha nipige mbele ya dawa, juu ya kifua kikuu, ilitoka safi. Mapafu ya mutoto wa komunyo. Mwambie ule daktari wako, mwenye ulisema alinichagulia hii dawa, aksanti. Mwambie alichagua muntu wa kweli.

Ni mimi mudogo wako mwenye bahati,
Isidore


Dar es Salaam, 10 Machi 2024

Mdogo wangu Isidore,

Barua yako nimeipata Jumatano. Ilikaa Kigoma siku nyingi kabla ya kupanda treni, na kona moja imelowa, lakini imesomeka. Namshukuru Arlette. Mwambie kitenge kingine sitatuma, asije akakosana na parokia nzima.

Mimi sijambo. Mvua zimeanza, njia ya kwetu imejaa matope. Kazini kuna mabadiliko kidogo: wamenitoa kwenye pasi. Sasa nakaa mlangoni pa chumba cha kufulia, nahesabu mashuka yanayoingia na yanayotoka. Ni kazi ya kukaa. Wenzangu wanasema nimebahatika, miaka ishirini na miwili nimesimama na pasi mkononi. Nami nasema ndiyo, nimebahatika.

Nimefurahi kwamba umeanza. Nimeisoma barua mara tatu. Lakini siku tatu, Isidore? Hapa tunaambiwa dawa hii inachukua wiki, wengine miezi. Haifanyi kazi kama kidonge cha maumivu. Mwili wenyewe ndio unaojipigania, unavishambulia viungo vyake kama vile ni vya adui, na hii dawa inauambia utulie. Kutulia kunachukua muda.

Sasa nisikilize. Usidunge mahali pamoja mara mbili: paja la kulia, wiki mbili zikipita, paja la kushoto. Kabla ya kudunga itoe kwenye baridi, iache mezani nusu saa. Ukipata homa, au kikohozi, au kidonda kinachovimba, usidunge kwanza, nenda kwa daktari. Huu si mzaha. Dawa inaulegeza mwili ulinzi wake.

Simu yako vipi? Nimepiga mara nne. Nataka unipigie ya picha nione mikono. Usiniandikie tu, nataka nione. Wewe ndiye uliyebaki na mama, wewe ndiye uliyemlisha kijiko kwa kijiko vidole vyake vilipolala upande, mimi nikiwa nimeshavuka huku. Sitaki kukuona nawe hivyo. Sina maneno mengine juu ya hilo.

Nawasalimu wote, na mama mdogo wa Swima, na mbuzi wake.

Dada yako,
Adolphine


Baraka, 2 Aprili 2024

Yaya,

Salamu nyingi. Batoto bazima, Arlette muzima. Kiswahili chako kimekuwa cha redio, nilikisomea Ayubu akauliza kama dada yangu ni waziri. Nilimwambia bado kidogo.

Ziwa iko inapanda. Maji yalifika kwa mulango wa ateliye, yakakaa hapo yanafikiria. Simu yangu iliona maji, ikaruka ndani. Njo sababu hunipati. Kwa picha basi, tusubiri. Barua ni nzuri zaidi, hata bazungu balikuwa banapendana na barua.

Umeandika siku tatu ni kidogo. Mwili yangu haina subira, unaijua tangu zamani; nilianza kutembea na miezi nane, mama alisema. Sasa nimepiga ine. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, sawa askari. Jana mbele ya bantu nilifungua buji ya moteri ya Ayubu, ile inatoaga cheche, na vidole vibili, bila ufunguo wa fundi. Bavuvi baliita bengine baje kuona. Mumoja alisema huyu ameuza muntu kwa bachawi. Nilimwambia hapana, ni yaya yangu.

Kwa barua yako ulifuta mustari moja. Pale unasema juu ya kuitoa kwenye baridi. Ulipita na bic mara nyingi mupaka karatasi ikatoboka. Niliiweka kwa jua nione, sikusoma kitu isipokuwa "hata mimi". Hata wewe nini?

Njaa hatuna. Homa sina. Kikohozi sina.

Isidore


Dar es Salaam, 30 Aprili 2024

Isidore mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Nawasalimu nyote. Nimesikia habari ya ziwa kutoka kwa watu wa Kigoma, wanasema hata kwao nyumba za pwani zimeingiliwa. Vitu vyako vya kazi viinue juu. Moteri za watu usiziache chini.

Huku si mbaya. Tania, yule binti wa Kihaya tunayefanya naye kazi, ameposwa. Kila siku anakuja na picha mpya ya gauni, kila siku namwambia hilo ndilo. Chakula changu anakileta yeye siku hizi, kwa sababu kantini iko juu na ngazi zimekuwa nyingi. Sijui kwa nini nakuandikia hayo.

Mstari ule nilikosea tu nikafuta. Usiuweke juani.

Mambo mawili. La kwanza: kalamu zilizotumika usizitupe. Zirudishe zote sita ndani ya chupa ngumu, uifunge. Hapa kalamu zinahesabiwa, zikitoka sita zinarudi sita, na mimi ndiye ninayeulizwa. Faida atazichukua.

La pili ndilo lenyewe. Sanduku lingine la miezi mitatu linakuja. Dawa hii ikimshika mtu haifai kukatwa katikati. Lakini isipomshika haina maana kumpa, na kuna mahali pengine inapohitajika. Kwa hiyo nakuuliza, na nataka unijibu bila mizaha yako, bila Ayubu, bila bavuvi. Inakusaidia? Nijibu neno moja. Kuna jambo naamua kwa jibu lako, na nikishaamua sitalirudia.

Usinifurahishe. Niambie tu.

Adolphine


Baraka, 19 Mei 2024

Yaya,

Neno moja: ndiyo.

Umeona? Hata mimi ninaweza kuandika neno moja. Sasa acha niongeze, juu karatasi imebaki.

Kalamu sita hizi, zote tupu, ziko kwenye chupa ya mafuta ya moteri niliyoisafisha na sabuni mara tatu. Hesabu. Kila moja kadirisha kake ni manjano mupaka juu. Mwambie mwenye kuuliza kwamba huku Baraka hatumwagi dawa.

Ateliye imeingia maji mupaka kwa goti. Nilitoka. Nimehamisha vyombo kwa nyumba, viko chini ya kitanda. Bantu baliosema bataleta moteri, balipeleka kwa bengine. Si neno, nilikuwa nimechoka na kelele. Ninakaa mbele ya nyumba, naona maji. Yanakuja polepole. Muntu anafikiri yatamusumbua, na siku yanafika hayasumbui.

Mikono ni mizuri. Inafunguka. Ningekuwa mupiga gita ungenisikia mupaka Dar.

Arlette anakusalimia. Hatuongei sana siku hizi, lakini anakusalimia. Aliniuliza nakuandikia nini, nikamwambia salamu.

Sanduku ya pili, kama inakuja, ije. Hii nitaitunza vizuri.

Isidore


Dar es Salaam, 28 Juni 2024

Kaka Isidore,

Hujambo? Anayeandika ni mimi Tania, nakaa na dada yako kwenye mashuka. Yeye anasema, mimi naandika, kwa sababu ana haraka leo na mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake. Hivyo ndivyo alivyosema niandike.

Anasema: Mdogo wangu, nawasalimu wote. Chupa imefika, kalamu sita nimezipokea na nimezikabidhi. Ndiyo yako nimeipokea pia. Nimefurahi.

Anasema sanduku la pili hili hapa, Faida analichukua. Tafadhali liwekwe kama alivyosema, baridi ya kiasi. Anasema ujikaze uendelee, usiruke hata sindano moja, kwa sababu ukiacha mwili unarudi palepale na pengine dawa inakataa kurudi.

Anasema daktari amefurahi sana na habari zako.

Anasema ya kwake ni mazuri. Ameacha kazi ya mlangoni, anapumzika kidogo nyumbani. Harusi yangu ni Septemba na atakaa meza ya mbele.

Nimemwuliza kama kuna kingine. Amesema niandike hivi: wewe ulimlisha mama, Isidore, na mimi nilikuwa ng'ambo. Sasa basi, sisi ni sawa.

Anaweka alama yake hapa chini badala ya jina.

X


Baraka, 17 Julai 2024

Yaya Adolphine,

Nakusalimia. Batoto bazima. Arlette muzima. Mama mudogo wa Swima muzima, mbuzi ilikufa. Maji yamerudi nyuma kidogo.

Sanduku ilifika Jumamosi. Faida aliiweka juu ya meza. Hakukaa, hakusalimia Arlette vile anasalimiaga. Alisema: Isidore, soma juu. Nikasoma. Karatasi iko mahali pake, haikukwanguliwa. Imeandikwa na mashini, jina yako yote, Adolphine, na jina ya baba, na mwaka ulizaliwa, na kwa chini: paja, kila wiki mbili.

Nilimuuliza Faida mbona wewe, Yaya, hii ya pili hukuikwangua. Akasema: angekwangua na nini? Alinipa sanduku na mikono ya juu, hivi, na akanionyesha, ameibana kwenye kifua na viwiko sawa muntu anabeba kuni. Akasema ule Tania anakupa chai na kijiko. Akasema ulimukataza asiniambie, na yeye ni muntu wa ahadi, lakini karatasi haikukatazwa.

Nilikaa na ile sanduku. Arlette alipika bugali, tukakula, yeye ananimegea, vile anafanyaga tangu Novemba. Ninakuandikia hiyo kwanza, juu ni rahisi kupita ingine.

Sikujua, Yaya. Nilifikiri ule ugonjwa wa mama ulinichagua mimi peke yangu. Hata hiyo niliifanyaga majivuno: nilisemaga mama aliniachia kitu, bengine balipata viti. "Hata mimi." Sasa nimesoma ule mustari.

Sasa sikiliza, na Tania asome polepole.

Siku sanduku ya kwanza ilifika, niliipeleka kwa Ayubu. Alikuwa na pahali pa juu, pale anaweka soda, pana baridi ya kiasi vile uliandika. Mimi mwenyewe nilisema hapana, weka chini, chini ya samaki, pale barafu inakuwa jiwe. Nilisema mbele ya bantu dawa ya dada yangu si Fanta. Balicheka. Nilipenda kucheka yao. Zikalala pale siku tatu.

Siku ya Mungu nikazitoa. Zilikuwa ngumu. Nikaziweka kwa jua, zikayeyuka, nikaona ndani kuna vitu vyeupe vinaelea sawa maziwa yamekatika. Nikapeleka kwa Albert, ule anadungaga batoto chanjo kwenye kituo. Akasoma karatasi ya ndani, ile ya kifaransa. Akasoma mara mbili. Akasema: Mukubwa Isidore, iliganda, ilikufa, usijidunge. Zote? Zote. Nilimwambia asante, nikatoka, nikamutania bibi wa pale mulangoni juu ya viatu vyake. Nakumbuka vile viatu, vilikuwa vya bluu. Sikusikia kitu.

Nyuma ya nyumba nilijaribu moja kwenye mugomba, nione tu vile inapigaga. Njo ile nilikuandikia. Ta, na kadirisha, na ta. Yote ilikuwa kweli isipokuwa paja. Mugomba njo haukutoa damu. Zingine tano Arlette alinitolea vifuniko, na tulizimalizia pale pale siku uliomba kalamu tupu zirudi. Alishika mugomba na mukono moja sawa anashika mutoto. Hakunikemea. Alisema tu: unafanya hivi kwa dada yako? Tangu ile siku njo hatuongei.

Vifungo vya shati, ni yeye anafungaga. Buji ya Ayubu, sikuigusa. Nilisimama pale nikamwambia fundi mwengine pahali pa kukamata, na bantu baliona. Simu iko, haikuruka kwenye maji, iko kwenye sanduku ya nguo imezimwa. Bic naikamata kwa viganja vibili, nimeifunga na mpira ya tairi inene sawa muhogo. Barua moja inaniomba siku ine. Hii ni ya ine.

Na ukiuliza sababu gani nilisema ndiyo. Uliniuliza vizuri, uliomba neno moja. Nilihesabu hivi: kama nasema hapana, ya pili haitakuja. Kama nasema ndiyo itakuja, na hii nitaitunza kwa baridi ya kiasi, nitajidunga kweli, vidole vitafunguka, na uongo utakuwa kweli kabla haujajua. Nilifikiri ninamudanganya daktari. Sikujua muntu ninamunyanganya ni wewe.

Kalamu sita za kwanza zilikuwa miezi mitatu yako. Ulikuwa mwenye kusimama na pasi kabla ya kunitumia zile. Halafu ulikaa mulangoni. Halafu ukakaa nyumba. Nimeziweka barua zako chini kwa mustari na nimeona vile ulishuka, na kwa kila moja mimi nilikujibu na bavuvi.

Siku ya Mungu nilitoa kalamu moja ya hii sanduku. Nisikufiche. Niliiweka kwa paja, na kifuniko yake, juu ya suruali. Arlette aliniona. Alisema: ukitaka nikufungulie, nitakufungulia, lakini mimi sitashika tena kitu. Niliiacha pale kwa paja muda ya kuchemusha sombe, majani ya muhogo. Halafu nikairudisha ndani. Ziko sita. Hesabu wewe mwenyewe, ao Tania ahesabu.

Faida anatoka kesho asubui na boti ya kwanza. Albert alinipa sanduku ya chanjo, ile ya kubeba dawa. Barafu iko chini, juu yake kuna kitambaa kikavu kimekunjwa mara ine, halafu karatasi ngumu, halafu kalamu. Alinionyesha, mimi nikamwambia Arlette, Arlette akafanya. Hazigusi barafu pahali popote. Faida atakaa nayo mupaka Kigoma, na huko kwa treni mutoto wa ndugu yake ataikamata kwa mapaja. Sanduku ya Albert irudi, ni ya batoto.

Ikifika, daktari aone kwanza. Mwambie yote, hata mugomba. Halafu Tania akudunge siku hiyo hiyo, asingojee Septemba. Na aniandikie, ndani ya wiki ine ama miezi mitatu, kama ulikamata kijiko. Usimwambie aandike vizuri. Aandike vile ameona.

Usiniandikie kwamba tuko sawa. Hatuko sawa. Kumulisha mama haikuwa deni, ilikuwa bugali tu, na yeye alikuwa anacheka. Ningeulizwa ningesema.

Simu nitaiwasha Jumapili, saa ya misa ikiisha. Piga ya picha. Utaona mikono.

Kwa barua ya kwanza niliandika kama kuna muntu wa bahati kupita mimi hapa Baraka, mama yake hajamuzaa. Nilikuwa nimetoka kwa Albert siku tatu tu. Ilikuwa uongo, Yaya. Sikujidunga hata moja, na vidole havikufunguka hata siku moja.

Isidore